Kifungo Kinachoita, Kifungo Kinachozuia

Ukisoma kwa mfululizo makala za utafiti kuhusu plastiki zilizochanganywa na chembe za nano, utakutana na maelezo mawili yanayogongana. Katika makala moja, chembe zimeharakisha kuundwa kwa fuwele ndani ya polima, na sababu inayotolewa ni vifungo vya haidrojeni kati ya chembe hizo na minyororo ya polima. Katika makala nyingine, chembe zimezichelewesha fuwele, pengine zimezizuia kabisa, na sababu inayotolewa ni ileile. Sababu inayoeleza tokeo pamoja na kinyume chake bado haijaeleza kitu. Sisemi kwamba watafiti hao wamekosea vipimo. Wengi wao wamepima kwa uangalifu mkubwa. Kinachokosekana mara nyingi ni kuzitenga kazi mbili ambazo kifungo cha haidrojeni huzifanya kwa wakati mmoja, kisha kuuliza, kwa kila polima na kila kijazo, yaani chembe zilizochanganywa nayo, ni kazi gani imeshinda.

Swali hili linatoka nje ya maabara upesi. Polithini ya mifuko, polipropilini ya ndoo na nailoni ya nyavu za kuvulia ni nusu fuwele: sehemu ya minyororo yake imejipanga, sehemu nyingine imebaki imevurugika. Uwiano wa sehemu hizo, ukubwa wa fuwele na aina yake ndivyo vinavyoamua kama kikombe kitastahimili chai ya moto, kama gia itavumilia mzigo, na hata kama betri itapitisha umeme wa kutosha. Anayeweza kuongoza fuwele ameishika plastiki yenyewe.

Mwaka 1957 Andrew Keller, akiwa Bristol, Uingereza, alionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ndani ya fuwele ya polithini, mnyororo mrefu haulali umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hujikunja na kurudi, tena na tena, ukajenga kibamba chenye unene wa takriban nanomita 10 tu. Katika polima iliyoyeyuka na kupozwa, vibamba vya namna hiyo huanzia kwenye kiini na kusambaa pande zote hadi vikaunda tufe zinazoonekana kwa darubini ya kawaida. Kwa hiyo fuwele ya polima ina hatua mbili. Kwanza lazima kiini kipatikane, yaani vipande vya minyororo vipangike na visivunjwe na joto kabla ya kukua. Kisha minyororo mingine lazima itoke kwenye msongamano wake, isogee, inyooke na ijikunje mahali pake kwenye ukingo wa kibamba. Karibu na jotoridi la kuyeyuka, minyororo husogea kwa wepesi lakini viini havidumu. Polima ikipoa mno, viini hupatikana lakini minyororo imekwisha kuwa mizito. Fuwele hujengwa kati ya mipaka hiyo miwili.

Kijazo cha nano kinagusa hatua zote mbili. Uso wake unaweza kupunguza nishati inayohitajika ili kiini kizaliwe, kwa sababu minyororo iliyolala juu yake tayari imepoteza sehemu ya uhuru wake. Uso huohuo unaweza kuishika minyororo isisogee kwenda kwenye kibamba kinachoingoja. Kifungo cha haidrojeni kinaingia katika kazi zote mbili, na ndiyo maana kimeweza kulaumiwa na kusifiwa kwa pamoja.

Nguvu yake inafaa kuwekwa katika tarakimu. Kifungo cha kawaida cha haidrojeni kati ya kundi la O–H au N–H na oksijeni ya jirani kina takriban kilojuli 10 hadi 40 kwa moli. Kifungo cha kaboni kwa kaboni, kinachoushikilia mnyororo wenyewe, kina takriban 350. Lakini kwa suala letu, cha kulinganisha nacho ni joto. Kwenye nyuzi 200 za Selsiasi, nishati ya mtikisiko wa molekuli ni takriban kilojuli 4 kwa moli. Kifungo kimoja cha kilojuli 20 hakiwezi kudumu hapo. Hukatika na kujiunga tena mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Mnyororo ulioshikwa mahali pamoja huachiwa upesi. Mnyororo ulioshikwa mahali ishirini hauachiwi, kwa sababu ni nadra mno vifungo vyote ishirini kukatika kwa pamoja. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mjadala wa vijazo uanze nalo. Kuthibitisha kwamba vifungo vipo ni mwanzo tu. Inabidi tujue ni vingapi kwa kila mnyororo, vimekaa kwa mpangilio gani, na vinaushika mnyororo kwa muda gani ukilinganisha na muda ambao kibamba kinauhitaji ili kupokea kipande kingine.

Kuhusu idadi, jiometria peke yake inatosha kutushtua. Chukua silika yenye chembe za kipenyo cha nanomita 10, uitawanye sawasawa ndani ya polima kwa asilimia 1 tu ya ujazo. Kila sentimita moja ya ujazo itakuwa na mita 6 za mraba za uso wa silika, na nafasi kati ya chembe na jirani yake itakuwa takriban nanomita 30. Mnyororo wa polima wenye urefu wa kawaida, ukiwa umejiviringa, una upana wa nanomita 20 hivi. Basi hakuna mnyororo ulio mbali na uso. Udongo wa montimorilonaiti unapita hapo. Ukibanduliwa tabaka moja moja, gramu moja ina takriban mita 750 za mraba. Kilo moja ya plastiki yenye asilimia 5 ya udongo huo imebeba ndani yake eneo linalozidi viwanja vitano vya mpira. Katika mazingira kama hayo, hata kifungo dhaifu kina usemi mkubwa.

Udongo huo ndio uliofungua uwanja mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maabara kuu ya utafiti ya Toyota nchini Japani, wakiwamo Akane Okada na Arimitsu Usuki, waliingiza kati ya tabaka za montimorilonaiti asidi ya amino yenye kaboni 12, kisha wakaiacha kaprolaktamu ijiunge kuwa nailoni 6 palepale katikati ya tabaka. Minyororo ilipokua, tabaka zilibanduka, kila moja ikiwa na unene wa nanomita 1. Kwa chini ya asilimia 5 ya udongo kwa uzito, ugumu wa nailoni uliongezeka takriban maradufu, na jotoridi ambalo huanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 hadi karibu 150. Toyota iliitumia plastiki hiyo kutengenezea kifuniko cha taiming belti ya gari. Sehemu kubwa ya ugumu huo inatoka kwenye tabaka za udongo zenyewe, ambazo hazipindi kwa urahisi. Hata hivyo, walipozitazama fuwele, watafiti walikuta kwamba nazo zilikuwa zimebadilika.

Nailoni 6 ina aina mbili kuu za fuwele. Katika aina ya alfa, minyororo jirani imeelekea pande zinazopingana, na makundi ya amaidi hukutana bila kupindwa, hivyo vifungo vya haidrojeni huishona minyororo kuwa mashuka bapa. Katika aina ya gama, minyororo jirani imeelekea upande mmoja. Ili N–H iifikie oksijeni ya jirani, kundi la amaidi lazima lipinduke litoke kwenye bapa la mnyororo, na kupinduka huko kunaufupisha mnyororo kidogo. Alfa huyeyuka karibu na nyuzi 220 na ni ngumu. Gama huyeyuka nyuzi kadhaa chini yake na hunyumbulika zaidi. Nailoni safi ikipozwa polepole hutoa alfa. Ukiweka udongo, gama huchukua nafasi kubwa, hasa karibu na tabaka. Kwa eksirei tofauti inaonekana wazi: vilele viwili vya alfa, karibu na nyuzi 20 na 24 za pembe, vinapungua, na kilele cha gama kinajitokeza katikati yao, karibu na 21.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba oksijeni za uso wa udongo hufunga vifungo vya haidrojeni na makundi ya amaidi, na vifungo hivyo ndivyo vinavyozaa gama. Naona maelezo hayo yamebeba ukweli nusu. Nailoni haingojei kijazo ili ipate vifungo vya haidrojeni. Hata ikiwa imeyeyuka, vipimo vya infraredi vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya makundi yake ya N–H tayari yamefungwa na jirani zao. Udongo unaingia katika soko lililojaa. Tena oksijeni zilizo kwenye uso bapa wa tabaka, zikiwa zimebanwa kati ya atomu za silikoni, ni wapokeaji dhaifu wa haidrojeni. Makundi ya O–H yenye nguvu yako kwenye kingo. Na kwa njia ya Toyota, ncha za minyororo mingi zimeshikwa kwenye udongo kwa chaji ya umeme, kani iliyo kubwa kuliko kifungo cha haidrojeni.

Kwa maoni yangu, gama inatokana zaidi na kunyimwa mwendo. Ili kujenga alfa, mnyororo unatakiwa ukutane na jirani aliyeelekea kinyume, na njia rahisi ya kumpata jirani huyo ni kujikunja na kurudi. Mnyororo ulioshikwa ncha moja na kulazwa juu ya tabaka kwa vifungo vingi vidogo hauna wepesi huo. Unapokea jirani yeyote aliye karibu, hata kama ameelekea upande uleule, kisha unapindua amaidi zake ili vifungo vya haidrojeni vya ndani ya nailoni vikamilike. Gama ni suluhu ya mnyororo usio na uhuru wa kuchagua. Kifungo cha haidrojeni kiko pande zote mbili za mgogoro huu: kati ya mnyororo na mnyororo kinadai mpangilio, kati ya mnyororo na udongo kinapunguza uwezo wa kuufikia mpangilio ulio bora. Ndiyo sababu pia kiasi kidogo cha udongo huiharakisha nailoni kuunda fuwele, kwa kuwa viini vimeongezeka, ilhali kiasi kikubwa kinaweza kuirudisha nyuma, kwa kuwa ukuaji umebanwa.

Polietilini oksidi, inayoitwa PEO kwa kifupi, inatupa hali iliyo kinyume, na kwa mtu anayetaka kuelewa suala hili ningeiweka mbele ya nailoni. PEO haina haidrojeni ya kutoa. Mnyororo wake una oksijeni kila baada ya kaboni mbili, na oksijeni hizo hupokea tu. Kwa hiyo ndani ya PEO safi hakuna vifungo vya haidrojeni vya kawaida kati ya mnyororo na mnyororo, na bado polima hii huunda fuwele upesi na kwa wingi, zikayeyuka karibu na nyuzi 65. Sasa ichanganye na silika. Uso wa silika uliojaa makundi ya O–H una takriban makundi 5 kwa kila nanomita moja ya mraba, yote yakiwa tayari kutoa. Mnyororo wa PEO unalala juu ya uso huo na kushikwa oksijeni kwa oksijeni, na hapa hakuna ushindani, kwa kuwa polima haina pa kupata kifungo kingine. Tabaka jembamba la polima, lenye unene wa nanomita moja au mbili, hufungwa kwenye chembe na kukataa kuingia kwenye fuwele. Chembe zikiwa nyingi, matabaka haya hula sehemu kubwa ya polima. Fuwele huchelewa na hupungua, wakati mwingine hukoma.

Uzuri wa silika ni kwamba vifungo vyake vinaweza kupunguzwa kwa hesabu. Ukiipasha moto hadi nyuzi 600, makundi ya O–H hujiondoa kwa jozi yakitoa maji, na idadi yake hushuka hadi takriban moja na nusu kwa nanomita ya mraba. Chembe ni zilezile, ukubwa uleule, lakini uwezo wa kushika umepungua. Jaribio la namna hii linatenganisha kizuizi cha vifungo na kizuizi cha nafasi, na linanishawishi kuliko kurasa nyingi za picha za infraredi.

Kuchelewa kwa fuwele si hasara daima. Katika betri za lithiamu zenye elektroliti ya polima, ioni za lithiamu husafiri hasa katika sehemu ya PEO iliyovurugika, kwa hiyo fuwele ni kikwazo. Mwaka 1998 Bruno Scrosati na wenzake huko Roma walichapisha katika jarida la Nature kwamba chembe za nano za titani oksidi na alumini oksidi, zikichanganywa na PEO yenye chumvi ya lithiamu, ziliinua upitishaji wa ioni katika jotoridi la chini, na sehemu ya maelezo ilikuwa kwamba chembe huizuia polima isijipange upya ikipoa. Hapo mtengenezaji anautafuta uso unaoshika kwa nguvu. Yuleyule akihamia kwenye vikombe, atauhitaji uso wa tabia nyingine kabisa.

Vikombe vinatuleta kwenye PLA, polima ya asidi ya laktiki, inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa. Ni plastiki yenye sifa nyingi njema na kasoro moja kubwa: inaunda fuwele polepole mno. Kwenye mashine inayoisukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, kipande hupoa kwa sekunde chache, na PLA huganda kabla haijajipanga. Plastiki hiyo iliyovurugika hulainika karibu na nyuzi 60, na kikombe chake kikitiwa chai kinalegea. PLA iliyojaa fuwele huvumilia joto zaidi sana, kwa kuwa fuwele zake huyeyuka karibu na nyuzi 170. Kwa hiyo kiwanda kinatafuta kijazo cha kuzalisha viini vingi upesi bila kuipunguzia minyororo mwendo.

Mnyororo wa PLA una kabonili, oksijeni yenye uwezo wa kupokea haidrojeni. Ikawa jambo la kawaida kuijaribu selulosi ya nano: vijiti vya fuwele vyenye unene wa nanomita chache, vinavyopatikana kwa kuziloweka nyuzi za mimea kwenye asidi ya salfuriki, njia ambayo Bengt Rånby alianza kuielezea Sweden mwishoni mwa miaka ya 1940. Pamba, mbao na katani zote zinatoa vijiti hivyo. Katani inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu Tanga na mashamba ya Kenya bado yanaivuna, na uso wa selulosi yake una makundi ya O–H kwa wingi, yaliyopangika kwa safu.

Ungetarajia ushindi. Matokeo yaliyochapishwa yamekuwa ya mchanganyiko, na sababu yake inafundisha. Vijiti vya selulosi hupendana kuliko vinavyoipenda PLA. O–H za kijiti kimoja hufungana na O–H za kijiti cha pili, hasa vinapokaushwa, na vikishagandamana havitengani tena kwa kukorogwa. Badala ya maelfu ya nyuso zilizotawanyika unapata mabonge machache, na bonge halina uso wa kutosha kuzaa viini. Ndipo watafiti wanapofanya jambo linaloonekana kama kujipinga: wanaziondoa baadhi ya O–H, kwa kuziunganisha na makundi ya asetili au kwa kuotesha vipande vifupi vya PLA juu ya kijiti. Vifungo vya haidrojeni vinapungua, vijiti vinatawanyika, na mara nyingi fuwele zinaongezeka. Kwenye PLA, basi, kifungo cha haidrojeni kinahitaji kuwa cha kiasi. Kikizidi, kijazo kinajifunga chenyewe kabla hakijaigusa polima. Oksidi ya grafini ina tabia inayofanana: ikiwa kidogo na imetawanyika huzaa viini, ikizidi hujikusanya na kuizuia minyororo.

Upande mwingine wa mizani kuna ushahidi ambao wapenzi wa vifungo vya haidrojeni huupita haraka. Polithini haina kundi lolote la kufunga kifungo hicho. Hata hivyo mwaka 2005 kundi la Christopher Li wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, lilionyesha vibamba vya polithini vikiota juu ya mirija ya nano ya kaboni, kimoja baada ya kingine kwa nafasi zinazokaribiana, mrija ukipita katikati yao. Hakuna O–H, hakuna N–H. Kuna uso laini, mwembamba, ambao mnyororo unaweza kulala juu yake kwa urefu. Talki, unga wa jiwe ambao viwanda huutumia sana kuiharakisha PLA, nao una nyuso bapa zinazoyakataa maji na zisizo na O–H za kutoa. Viini huzaliwa mahali ambapo umbali kati ya safu za uso unakaribiana na umbali kati ya minyororo ndani ya fuwele, au mahali ambapo uso unaulaza tu mnyororo ukanyooka. Vifungo vya haidrojeni vinasaidia kazi hiyo pale vinapokuwa na mpangilio unaolingana na polima. Vikiwa vimetapakaa ovyo, kama kwenye silika, vinaukamata mnyororo katika mkao wowote utakaokuwa nao, na mkao huo mara chache ni ule wa fuwele.

PVDF, polima yenye florini ambayo Heiji Kawai wa Japani aligundua mwaka 1969 kwamba inatoa umeme ikibanwa, inathibitisha umuhimu wa mpangilio. Umeme huo unatoka hasa kwenye fuwele ya beta, ambamo mnyororo umenyooka kabisa na florini zote zimeelekea upande mmoja, ilhali ikipoa kwa kawaida PVDF huchagua alfa, yenye mikunjo. Udongo na oksidi ya grafini huielekeza kwenye beta. Wapo wanaotaja vifungo kati ya O–H na florini, na wapo wanaotaja mvuto wa chaji za uso kwa makundi ya CH₂ na CF₂. Florini iliyofungwa kwa kaboni ni mpokeaji dhaifu sana wa haidrojeni, kwa hiyo mimi huelemea upande wa chaji.

Linabaki suala la uthibitisho, nami nalitilia uzito kwa sababu ndilo linaloamua kama uwanja huu utasonga mbele. Njia ya kawaida ni infraredi: mstari wa O–H au wa kabonili unahama kidogo, na mwandishi anatangaza vifungo. Lakini mstari wa kabonili katika PLA huhama pia fuwele zenyewe zinapoundwa, hata bila kijazo. Mwandishi anayepima sampuli iliyokwisha kuganda anaweza kusoma tokeo akaliita chanzo. Kipimo hicho kinapaswa kufanywa polima ikiwa bado imeyeyuka, kabla ya fuwele ya kwanza, ili tujue vifungo vilikuwepo tangu mwanzo.

Kalorimita nayo ina mitego yake. Ili kupata asilimia ya fuwele za PLA, joto la kuyeyuka hugawanywa kwa juli 93 kwa gramu, thamani inayochukuliwa kuwa ya fuwele kamili. Kabla ya hapo inabidi kuondoa joto la fuwele zilizoundwa wakati sampuli ilipokuwa ikipashwa ndani ya chombo chenyewe, na kugawa kwa uzito wa polima peke yake, bila kijazo. Asiyefanya hivyo anaweza kuiona kasi au upungufu ambao haupo. Hata mlinganyo ambao Melvin Avrami aliutunga kati ya 1939 na 1941, unaotumiwa karibu kila mahali kuelezea kasi ya fuwele, hujumlisha viini na ukuaji katika namba moja. Na hayo mawili ndiyo hasa tunayotaka kuyatenganisha. Njia iliyo bora ni kuzitazama tufe kwa darubini yenye meza ya kupashia, kuhesabu viini upande mmoja na kupima kasi ya kukua kwa tufe upande mwingine. Kijazo kinachoongeza viini huku kasi ya ukuaji ikibaki ileile kina hadithi tofauti kabisa na kile kinachoongeza viini na kupunguza kasi, hata kama kalorimita itatoa muda uleule kwa vyote viwili.

Tena kuna maji, ambayo makala nyingi huyataja katika sentensi moja ya maandalizi ya sampuli. Molekuli ya maji hutoa haidrojeni na kupokea, ni ndogo, na huingia kila mahali. Silika, selulosi na udongo vyote huyabeba kutoka hewani, na maji yaliyokaa kwenye uso wa kijazo yanachukua nafasi ambayo mnyororo ungeichukua. Kwenye PLA iliyoyeyuka hayaishii hapo, kwa sababu huikata minyororo yenyewe, na minyororo mifupi husogea upesi na kuunda fuwele upesi. Mtafiti aliyetia selulosi isiyokaushwa vizuri anaweza kuona fuwele zimeharakishwa na kuvisifu vifungo vya haidrojeni kwa kazi iliyofanywa na kukatika kwa minyororo. Nailoni 6 inaweza kunywa maji hadi takriban asilimia 9 ya uzito wake, na kiwango chake cha kulainika, kilicho karibu na nyuzi 50 ikiwa kavu, hushuka kwa makumi ya nyuzi. Sampuli nyingi hupimwa zikiwa zimetoka kwenye kalibu, kavu, katika chumba chenye hewa iliyodhibitiwa. Kipande hichohicho kikifungwa kwenye injini ya boti Mombasa au Zanzibar kitakaa miaka katika hewa iliyojaa unyevu, huku maji yakigombea vifungo na udongo kwa upande mmoja na amaidi kwa upande mwingine, na minyororo iliyolegea ikipata mwendo iliyonyimwa siku ya kwanza. Kama gama iliyozaliwa kwenye uso wa udongo inabaki gama baada ya miaka hiyo, au inageuka alfa polepole, ni jambo la kupimwa kwenye sampuli zilizoloweshwa na kukaushwa mara nyingi, kwa eksirei, kabla mtu hajaandika kwenye jedwali la bidhaa namba aliyoipata kwenye kipande kikavu.